Raha inayopanda kichwani: maana na matumizi ya neno ‘heady’

Swali la msomaji: “Ninatafsiri kumbukumbu za mwanamke aliyefanya kazi katika kampuni changa ya intaneti mwishoni mwa miaka ya 1990. Neno ‘heady’ limenisumbua tangu sura ya pili. Anaandika ‘the heady days of 1999’, halafu ‘the heady scent of jasmine’, halafu ‘heady valuations’, na mahali pengine, akieleza mara ya kwanza alipohutubia ukumbi uliojaa watu, anasema tu ‘it was heady stuff’. Kamusi yangu ya zamani inaniambia maana yake ni kaidi au mwenye pupa. Ile mpya inasema ni -a kulevya. Nimejaribu kuweka ‘-a kulevya’ kila mahali na matokeo yanachekesha. Mwenzangu anashikilia kwamba hilo ni neno la walevi na halifai katika maandishi ya heshima. Mimi mwenyewe, kwa kuona kwamba limetokana na kichwa, nililichukulia kuwa na maana ya mwenye akili, na majuzi nilijieleza hivyo katika barua ya kuomba kazi. Maana yake hasa ni ipi, na je, kuna neno moja la Kiswahili litakalofaa mahali pote?”

Ndugu mwulizaji, umeuliza mambo kadhaa kwa pamoja, lakini ukiyachambua utaona kwamba yote yanatokana na shida moja: hujui kama neno hili linasifu au linalaumu. Kamusi moja inakupa ukaidi, nyingine inakupa ulevi, mwenzako anaona aibu, nawe uliona akili; na wakati huohuo mwandishi unayemtafsiri analitumia kwa furaha isiyofichika. Jibu langu ni kwamba ‘heady’ ya leo hukisifu kitu kwa raha yake, na papo hapo hudokeza kwamba raha hiyo humpunguzia mtu utulivu wa akili. Yote mawili yamo, na mfasiri akiliacha mojawapo atakuwa ametafsiri nusu. Neno moja la Kiswahili la kufaa mahali pote halipo, na sidhani kwamba unalihitaji.

Niruhusu nianze na ile barua ya kazi, kwa kuwa ndiyo inayoweza kukudhuru mapema. Kiingereza kina tabia ya kuchukua jina la kiungo cha mwili, kukitilia herufi ‘y’ mwishoni, na kukifanya kivumishi ambacho maana yake haikisiki hata kidogo. ‘Cheeky’ limetokana na shavu, lakini maana yake ni mfidhuli. ‘Nosy’ limetokana na pua, na humaanisha mdaku. ‘Handy’ limetokana na mkono, na husemwa juu ya kitu chenye manufaa au kilicho karibu. ‘Hearty’ limetokana na moyo, na Waingereza huliambatanisha hata na mlo mkubwa wa kushibisha. Kwa hiyo kufikiri kwamba chochote chenye kichwa ndani yake lazima kiwe na akili ni kosa linaloeleweka, ila ni kosa. Upo uwanja mmoja tu ambamo ungekuwa umepatia: katika uandishi wa michezo wa Marekani, hasa mpira wa kikapu na besiboli, ‘a heady player’ ni mchezaji anayetumia akili na kuusoma mchezo kabla ya wenzake. Nje ya hapo, msomaji wa barua yako ama atashangaa ama ataelewa kwamba unajiita mtu wa papara. Sifa uliyoikusudia huitwa ‘level-headed’, yaani mtu asiyeyumbishwa na mambo, na inachekesha kidogo kwamba neno hilo ni karibu kinyume kamili cha ‘heady’. Kama bado unatuma barua kwa waajiri wengine, libadilishe leo. Ile iliyokwisha kwenda iache. Kuandika barua ya pili kusahihisha kivumishi kimoja kutavuta macho ya watu kwenye jambo ambalo huenda hawakuliona.

Kamusi yako ya zamani haikukudanganya. Imekupa maana ya kwanza ya neno, ambayo kwa sasa imebaki vitabuni. Katika Kiingereza cha karne za kati, ‘heady’ alikuwa mtu anayekwenda kichwa mbele: mkaidi, mwenye pupa, asiyengoja ushauri. Ndiyo maana katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, katika Waraka wa Pili kwa Timotheo, sura ya 3 aya ya 4, watu wa siku za mwisho wametajwa kuwa ‘heady, highminded’. Neno la Kigiriki lililofasiriwa hapo, kwa umbo lake, humchora mtu anayeanguka kuelekea mbele. Biblia ya Kiswahili ya Union Version imeweka wakaidi, na tafsiri za Kiingereza za siku hizi zimeliacha kabisa neno ‘heady’ katika aya hiyo na kuweka ‘rash’ au ‘reckless’, kwa sababu msomaji wa leo angedhani kwamba watu hao wanalaumiwa kwa kufurahi mno. Shakespeare naye, katika tamthilia yake ya Henry V, anamfanya askofu mkuu aeleze jinsi mfalme kijana alivyobadilika ghafla, kwamba mageuzi yalimjia kama mafuriko yenye ‘heady currance’, mkondo unaosomba kila kasoro. Humo hamna ulevi wala raha. Kilichopo ni nguvu inayokwenda mbele bila breki.

Kutoka kwenye mkondo huo hadi kwenye kileo si safari ndefu. Kufikia karne ya 16 Waingereza walikuwa wakiiita ‘heady’ pombe inayowahi kupanda kichwani, na Kiswahili kimeliona jambo hilohilo bila kufundishwa na mtu: tunasema pombe imempanda kichwani, na tunasema sifa zimempanda kichwani. Kisha neno likahama tena, kutoka kwenye kinywaji likaingia kwenye lolote linalomfanyia mtu kama kinywaji kinavyofanya, iwe ni harufu, ushindi, madaraka, mapenzi, wazo jipya au pesa za ghafla. Jambo moja limebadilika njiani, nalo ni la msingi kwa mfasiri. Katika maana ya zamani ‘heady’ ilikuwa sifa ya mtu. Katika maana ya sasa ni sifa ya kitu kinachompata mtu. Lawama ilipoondolewa kwa mtu na kuwekwa kwenye hali, ikapungua ukali. Aliyezidiwa na siku nzuri mno husamehewa kuliko aliyezaliwa mkaidi.

Ili uone kwa nini raha na kupungukiwa na busara vimefungamana katika neno hili, hebu tuangalie kileo chenyewe kinafanya nini mwilini. Pombe hufyonzwa kidogo tumboni na zaidi katika utumbo mwembamba, ikaingia katika damu. Na kwa kuwa molekuli ya ethanoli ni ndogo na huyeyuka katika maji na katika mafuta pia, hupenya bila shida kizuizi kinachoulinda ubongo. Huko huipa nguvu GABA, kemikali inayozituliza seli za neva, hudhoofisha glutamati inayoziamsha, na huchochea dopamini katika njia za ubongo zinazohusika na raha. Sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo miongoni mwa kazi zake ni kupima matokeo na kumzuia mtu asifanye la kujutia, huathirika kwa kiasi ambacho bado kinamruhusu mnywaji kusimama na kuongea vizuri. Kizunguzungu nacho kina chanzo chake: ndani ya sikio kuna viungo vidogo vya usawazisho vyenye sehemu laini kama jeli iitwayo kupula, na pombe huingia katika kupula haraka kuliko inavyoingia katika majimaji yanayoizunguka, kwa hiyo kupula huwa nyepesi kwa muda na kuupelekea ubongo habari ya mzunguko ambao haupo. Mnywaji basi anapata mambo matatu kwa kipindi kimoja: anafurahi, dunia inamzunguka, na uwezo wake wa kupima umelegea bila yeye kuhisi kwamba umelegea. Hilo la mwisho ndilo linalolipa neno ‘heady’ ladha yake. Aliyemo ndani ya hali hiyo hujiona yuko sawa kabisa.

Hapo ndipo tunapofika kwenye ‘the heady days of 1999’, na ningependa tukae hapo kidogo, kwa sababu ndipo neno hili linapotumika zaidi na ndipo wafasiri wanapoteleza. Mwingereza asemapo ‘heady days’ kwa kawaida yuko nje ya siku hizo, anazitazama kwa nyuma, na msomaji wake anajua ziliishaje. Ni nadra mtu aandike kwamba leo tumo katika ‘heady days’. Akifanya hivyo, ama anajiangalia kwa kejeli ama anatabiri kwamba hazitadumu. Mwandishi wako anazungumzia mwaka ambao historia yake inajulikana. Mnamo Desemba 1996 Alan Greenspan, aliyekuwa mwenyekiti wa benki kuu ya Marekani, alikwisha kuuliza hadharani kama thamani za hisa hazikuwa zimepandishwa na shauku isiyo na mantiki, na baada ya onyo hilo masoko yaliendelea kupanda kwa zaidi ya miaka mitatu. Kipimo cha hisa cha Nasdaq, ambamo kampuni nyingi za teknolojia zimeorodheshwa, kilifunga juu ya pointi 5,000 tarehe 10 Machi 2000. Kufikia Oktoba 2002 kilikuwa kimeporomoka hadi takriban 1,100. Kampuni ambazo hazijawahi kupata faida zilikuwa zimeuza hisa zake kwa bei ambazo sasa zinasomeka kama mzaha. Mwandishi anapouita mwaka 1999 ‘heady’, anasema kwamba ulikuwa mtamu, kwamba alikuwamo, na kwamba akili za watu, yake ikiwemo, hazikuwa zimetulia. Anayasema yote hayo kwa neno moja bila kujipiga kifua wala kujilaumu.

Ndiyo maana ‘siku za kusisimua’, ambayo nadhani umeshaifikiria, haitoshi. Mechi nzuri inasisimua. Habari za upelelezi zinasisimua. Wala hakuna anayeporomoka baadaye. Nayo ‘siku za furaha’ inaufuta mzunguko wote wa kichwa. Kwa upande mwingine ‘siku za ulevi’ inamfanya msomaji aone chupa. Chukua sentensi hii niliyoitunga kwa mfano wa kitabu chako: ‘We joined in the heady days of 1999, when nobody asked what the company would sell.’ Mimi ningeandika hivi: “Tulijiunga mwaka 1999, siku zile ambazo matumaini yalikuwa yamewapanda watu kichwani na hakuna aliyeuliza kampuni itauza nini.” Utaona kwamba kivumishi kimekuwa kitenzi. Hilo si kulikimbia neno. Vivumishi halisi vya Kiswahili ni vichache na kazi nyingi ya kueleza huifanya kwa vitenzi, na kitenzi kina faida ya ziada kwamba kinataja kilichopanda, yaani matumaini, jambo ambalo Kiingereza kiliacha lielee. Ikiwa sentensi inahitaji kitu kifupi zaidi, ‘siku zile za shamrashamra’ hubeba kelele na furaha, na neno ‘zile’ lenyewe hudokeza kwamba zimepita. Ila ukitumia hilo, hakikisha kwamba aya inayofuata inaonyesha anguko, kwa kuwa shamrashamra peke yake haina onyo.

Kwa ‘heady valuations’ huna haja ya ushairi. Waandishi wa habari za uchumi hutumia ‘heady’ kwa bei, riba, ukuaji au thamani ya kampuni iliyopanda kiasi cha kumtia msomaji wasiwasi, na hiyo ni namna ya kiungwana ya kusema kwamba namba hizo hazina msingi wa kutosha. “Thamani za kutia kizunguzungu” inakaa vizuri. “Thamani kubwa” haifai, kwa sababu kubwa inaweza kuwa ya haki.

Harufu ya asumini ina mtego wake. Katika Kiswahili ‘dawa za kulevya’ limekuwa jina kamili la mihadarati, kiasi kwamba kivumishi ‘-a kulevya’ kikiwekwa karibu na pua, msomaji huwaza moshi wa bangi kabla hajawaza ua. Nadhani hapa ndipo tafsiri yako ilipochekesha kuliko kwingine. Lipo pia kosa jingine ambalo nimelikuta kwa wafasiri wanaojua kidogo habari za manukato. Watengeneza manukato huigawa harufu katika ile inayotangulia kusikika na kuruka upesi, ambayo Wafaransa huiita noti ya kichwa, ile ya katikati iitwayo noti ya moyo, na ile ya chini inayobaki kwenye ngozi kwa saa nyingi. Mtu huona neno kichwa na kudhani kwamba ‘heady scent’ ni ile ya kwanza. Ni kinyume. Zinazotangulia huwa nyepesi, kama limau na machungwa, na hakuna anayeziita ‘heady’. Zinazoitwa hivyo ni maua mazito kama asumini, ambayo kwa kawaida hukaa moyoni mwa manukato. Asumini ina indoli, kemikali ambayo ikiwa nyingi hunuka vibaya na ikiwa kidogo huipa harufu tamu uzito wa ajabu, na uzito huo ndio unaomfanya mtu ahisi kwamba amezidiwa. Isitoshe, habari za harufu huingia ubongoni kwa njia ya mkato: kutoka puani hufika katika sehemu zinazoshughulikia hisia na kumbukumbu bila kwanza kupita katika talamasi, kituo ambacho milango mingine ya fahamu lazima ipitie. Kwa hiyo mwandishi anaposema kwamba harufu ilimpanda kichwani, hajatia chumvi sana.

Kiswahili kimebarikiwa kitenzi kizuri mno kwa jambo hili, nacho ni kuhanikiza. “Asumini ilihanikiza chumba kizima, harufu nzito tamu hata mtu akahisi amelewa.” Kuhanikiza kunabeba kuenea na nguvu, uzito na utamu vinaongezewa, na ulewaji umewekwa mwishoni mahali ambapo hauwezi kueleweka vibaya kwa sababu ua limekwisha kutajwa. Ikiwa mwandishi amelitaja ua kwa kupita tu, ishia kwenye “harufu nzito ya asumini ilihanikiza” na usonge mbele.

Kuhusu ‘it was heady stuff’, neno ‘stuff’ ni chombo kitupu cha kubebea kivumishi. Usihangaike kukitafutia kitu cha kukitafsiri. Mwandishi ameshuka jukwaani, amesikia makofi kwa mara ya kwanza maishani, na anakiri kwa tabasamu kwamba yalimwathiri. “Niliteremka jukwaani nimelewa makofi” inatosha, na ni Kiswahili cha kila siku.

Hapo nimetumia kulewa bila woga, baada ya kukuonya juu ya ‘-a kulevya’ hapo juu, na inafaa nieleze sababu. Kitenzi kulewa katika matumizi yetu ya mafumbo huelemea upande wa lawama. Ukisema fulani amelewa madaraka, hujamsifu. Umemshtaki, na wasikilizaji wanangoja kusikia amefanya nini. Amelewa sifa ni lawama pia, ingawa nyepesi. Amelewa mapenzi ni utani wenye huruma. ‘Heady’ ya Kiingereza haina ukali wa kiasi hicho. Lakini mtu anapojisemea mwenyewe, katika nafsi ya kwanza, lawama hugeuka kuwa ungamo, na ungamo la mtu anayejicheka liko karibu sana na mizani ya ‘heady’. Kwa hiyo kanuni ninayoifuata katika kazi yangu ni hii: pale mwandishi anapojizungumzia, kulewa kunafaa, pale anapomzungumzia mwingine ambaye hana nia ya kumshambulia, natafuta kitenzi kingine, kama vile kupanda kichwani au kuzidiwa na furaha. Msemo wa kuvimba kichwa uache kabisa. Huo ni majivuno, na Kiingereza kina maneno yake kwa majivuno.

Mwenzako anayesema kwamba ni neno la walevi amekosea kuhusu ‘heady’, ingawa hofu yake ina mahali pake kwa neno jirani. ‘Intoxicating’ hutumiwa pia kwa mafumbo, kwa uzuri, sauti au madaraka, na lina nguvu kuliko ‘heady’. Lakini asili yake ni sumu. Limepitia Kilatini kutoka neno la Kigiriki la sumu iliyopakwa mishale, na ni ndugu wa ‘toxic’. Katika sheria limebaki na maana yake kavu: Marekebisho ya 18 ya Katiba ya Marekani, yaliyoidhinishwa mwaka 1919, yalipiga marufuku kutengeneza, kuuza na kusafirisha ‘intoxicating liquors’, na sheria iliyofuata ikaeleza kwamba ni kinywaji chochote chenye alkoholi ya asilimia 0.5 au zaidi. Ukikutana na maneno hayo katika hati, andika vileo, basi. ‘Heady’ halina kazi mahakamani. Ni neno la waandishi wa insha, wahakiki, wanahistoria na wachumi, nalo linakubalika katika maandishi rasmi kabisa. ‘Exhilarating’ kwa upande wake ni furaha safi inayochangamsha mwili, kama ya kukimbia mteremko, na haina onyo lolote ndani yake. Hilo ndilo unaloweza kulitafsiri kwa kusisimua au kuchangamsha kwa moyo mweupe. ‘Giddy’ kwa kawaida hueleza hali ya mtu kuliko ya kitu, na kwa asili yake ya kale lilimhusu mtu aliyepagawa.

Maneno machache kuhusu matumizi, endapo utataka kulitumia mwenyewe unapoandika Kiingereza. Hutamkwa ‘hedi’, si ‘hidi’. Hukaa zaidi mbele ya nomino, ingawa unaweza kusema ‘the scent was heady’ au ‘the air was heady with jasmine’. Hulinganishwa kwa ‘headier’ na ‘headiest’. Halihusiani na kuumwa kichwa, wala na povu la bia, ijapokuwa povu hilo nalo Waingereza huliita kichwa. Na jihadhari na ‘a heady mix of’ na ‘a heady cocktail of’, ambazo waandishi wa magazeti wamezitumia hadi zimechakaa. Ukikutana nazo katika kitabu unachotafsiri, “mchanganyiko mkali wa” inatosha, kwa kuwa aliyeandika mwenyewe hakusimama hapo kufikiri, na hakuna sababu ya mfasiri kutoa jasho mahali ambapo mwandishi hakulitoa.

Ushauri wa maandishi kama huu una mpaka wake, kwani sijaziona kurasa zako zote, na neno lenye sura mbili hupimwa kwa ukurasa mzima. Kabla kitabu hakijaenda kiwandani, keti na mhariri anayeijua vizuri lugha zote mbili, umsomee kwa sauti kila sentensi yenye ‘heady’ katika Kiswahili chako bila kumwonyesha Kiingereza, kisha umwulize kama mwandishi anajutia jambo analolieleza au hajutii. Akijibu kwamba anajuta sana, umetia ulevi mwingi. Akijibu kwamba hajutii hata kidogo, umeweka shamrashamra tupu. Ikiwa kati ya nyaraka zilizonukuliwa kitabuni kuna mkataba au hati ya kampuni yenye ‘intoxicating’ au ‘intoxicated’, usiitafsiri kwa kutegemea kamusi wala jibu hili. Ipeleke kwa mfasiri wa sheria, kwa maana maneno hayo hubeba tafsiri maalumu ya sheria ya nchi husika. Na kwa kuwa mwandishi wa kumbukumbu hizo huenda yu hai na anafikika, mwandikie kupitia mchapishaji umwulize jambo moja tu: alipokuwa ndani ya siku hizo za mwaka 1999, je, alikuwa na shaka yoyote, au shaka ilimjia baada ya soko kuanguka? Akisema kwamba alikuwa na shaka tangu mwanzo, mwondoe yeye katika orodha ya waliopandwa kichwani, na uandike kwamba matumaini yaliwapanda wenzake.